Ukuta Uliokataa Kukua

Hapo juzijuzi, na kibali cha kusimulia ninacho mfukoni, palikuwa na nchi isiyo na jina. Jina ilikuwa nalo. Serikali ililichukua likafanyiwe marekebisho madogo, na mpaka leo halijarudi. Sisi wananchi hatuna haraka. Tukiulizwa mpakani tumetoka wapi, tunajibu, "Kwetu," na askari wa upande wa pili hutugongea muhuri huku akitutazama kwa huruma.

Katika nchi hiyo mchanga uliisha. Msiniulize mchanga unaishaje, maana hata mimi nilimuuliza Mwalimu Lihamba, anayetufundisha darasa la jioni, naye alifunga mlango kwanza ndipo akajibu. Alisema mto wetu ulikuwa na mchanga wa kutosha wajukuu wa wajukuu. Ila ilijengwa Ikulu, ikajengwa na ya pili ya kupumzikia uchovu wa ile ya kwanza, kisha ikajengwa nyumba ya kutunzia ramani za hizo mbili. Mto ukabaki na tope na vyura. Redio ya Taifa haikusema mchanga umeisha. Ilisema mchanga umestaafu kwa heshima baada ya utumishi uliotukuka, na ikapiga wimbo wa kuuaga.

Wiki hiyohiyo ikaundwa Wizara ya Vibadala, chini ya Mheshimiwa Shegwando, na Wizara ikatangaza kwamba kuanzia sasa saruji itachanganywa na chupa zilizopondwa.

Nawaambia kweli, jambo lenyewe si la kipuuzi. Wahandisi wetu walikuwa wamelijaribu miaka mingi. Chupa ikisagwa mpaka ikalainika kama poda ya mtoto, ikachanganywa na saruji, inashika vizuri sana, na majalala yetu, Mungu ashukuriwe, yamejaa chupa. Waliandika kijitabu cha kurasa kumi na mbili, na jambo moja wakalipigia mstari mara tatu: saga, chekecha, tumia kilicho laini. Chenga zina hatari.

Basi tukatoa vioo. Chupa za soda, chupa za dawa ya kikohozi, vioo vya chemli, vioo vya kujitazamia. Agizo lilisema "kioo chochote", kwa hiyo miwani nayo ikachukuliwa, pamoja na ya wahandisi walioandika kile kijitabu. Waraka wa Wizara ulipowafikia hawakuweza kuusoma, wakausaini.

Mimi nilipata kazi kwenye Kiwanda cha Taifa cha Kuponda Chupa, kitengo cha ufagio. Watu huniita Mama Tunu. Tunu ana miaka mitatu na miezi mitano, na anakua kwa kunikomesha. Leo namvisha viatu, kesho vidole vimegonga mwisho, naye ananitazama kama mimi ndiye niliyevipunguza.

*

Kamati ya Chekeche ilikaa palepale kiwandani, siku saba. Wajumbe walikuwa kumi na tisa, wote watu wazima wenye heshima zao, na mezani mbele yao chekeche jipya lilikuwa limefunikwa kitambaa cha mahameli. Nawaheshimu sana wale wazee, wala sisemi kwa ubaya, lakini miongoni mwao hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuchekecha unga. Kwao unga hufika mezani ukiwa tayari ni ugali.

Siku ya saba wakalifunua. Wakapiga kura nani atikise. Chupa iliyopondwa ikamiminwa, chekeche likatikiswa, ile poda laini ikashuka yote juu ya zulia, na sisi wa ufagio tukaambiwa tuiondoe haraka kabla haijawachafua wajumbe viatu. Juu ya chekeche zikabaki chenga. Jua lilikuwa linaingia dirishani, likazipiga, zikametameta: za kijani, za kahawia, nyeupe kama meno.

"Aaaah!" wakasema wajumbe.

Mheshimiwa Shegwando akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Ndugu wajumbe, mmeona wenyewe. Chekeche limesema. Kilicho dhaifu kimeanguka chini, kilicho imara kimebaki juu. Ndivyo maumbile yalivyo, na ndivyo serikali ilivyo."

Makofi yakapigwa dakika nne. Pembeni yangu alisimama Bi Sikudhani, mama wa makamo aliyeuza maandazi sokoni miaka ishirini kabla soko halijageuzwa kuwa maegesho ya Wizara. Akainua ufagio kama mwanafunzi anayeomba kujibu.

"Samahani, baba. Unga ndio unaopita."

"Unasemaje, mama?"

"Nasema kinachopita ndicho cha kupikia. Hicho kilichobaki juu huwa tunawamwagia kuku."

Pembeni ya meza alikuwapo Karani Mwinchande, mtu mwembamba ambaye kazi yake ni kuandika kila kinachosemwa, pamoja na vikohozi. Hakuna aliyewahi kumwona akiinua kichwa. Aliuliza hukohuko chini kwenye daftari: "Mheshimiwa, kuku waingie kwenye kumbukumbu?"

"Wasiingie." Mheshimiwa Shegwando akatabasamu kwa upole, na upole wake ulinitia baridi. "Mama yangu, hapa hatupiki maandazi. Hapa tunajenga Taifa."

"Haya, baba. Jengeni. Likiwavimbia msije mkasema hamkuambiwa."

Bi Sikudhani alipelekwa kozi ya siku tano ya Uchekechaji wa Kizalendo. Alirudi amekonda, ana cheti. "Wamenifundisha vizuri," aliniambia tukifagia. "Nimefaulu. Sasa naweza kutupa unga na kula pumba bila kutetemeka mkono."

Waraka Namba Saba ukatoka: chenga ni mali ya Taifa, poda ni taka. Poda ikawa inamwagwa nyuma ya nyumba zetu, kilima kizima, laini kiasi kwamba ukikanyaga hubaki na alama za vidole vyote vitano.

*

Jengo la kwanza kujengwa kwa chenga lilikuwa Shule ya Awali ya Mng'ao, na kwa upendeleo wa pekee ikaletwa mtaani kwetu. Kila mtoto wa miaka mitatu hadi sita akaandikishwa. Siku ya ufunguzi kuhudhuria ni lazima, na mzazi atakayemficha mtoto wake atahesabiwa kuwa analea mtoto asiyeng'aa, kosa ambalo adhabu yake ilikuwa bado inatafutwa, na hilo ndilo lililotutisha zaidi.

Siwafichi, mwanzoni nilifurahi. Fundi Salmini, jirani yetu, ndiye aliyekuwa anajenga, na mkono wa Salmini hauna mfano. Tofali likinyooka, plasta juu yake ikimetameta. Tunu alibandika shavu ukutani.

"Mama, ukuta una nyota!"

"Zina nini, mwanangu?"

"Zinakuna."

Nikamfuta shavu. Palikuwa na mkwaruzo mdogo sana, mwekundu, kama wa paka.

Jioni hiyo nikamuuliza Mwalimu Lihamba. Miwani yake ilishakwenda zamani, kwa hiyo alikuwa anatufundisha kwa kukumbuka. "Usiniamini mimi," alisema, "wala usiiamini redio. Pima."

Fundi Salmini akanitengenezea kalibu ya mbao, ndogo, ya kutolea kipande chenye umbo la nusu mche wa sabuni. Nikatoa vipande viwili vya saruji: kimoja cha chenga za Taifa, kimoja cha poda ya taka. Vilipokauka vyote viwili viliingia na kutoka kwenye kalibu bila kusumbua. Kisha nikaviweka kwenye sufuria kuukuu yenye maji na magadi, ya kutosha maharage sugu ya mwaka mzima, nikaiacha kando ya jiko pasipopoa. Wiki tatu. Upande huu napika, upande ule Taifa linachemka taratibu.

Siku ya mwisho nikavitoa nikavipangusa. Cha poda kikarudi kwenye kalibu yake kama mtoto anayerudi kitandani. Cha chenga kikakataa. Nikakisukuma, kikakataa. Kilikuwa na nyufa kama kisigino cha kiangazi, na kwenye nyufa mlikuwa mnatoka kitu cha kuteleza, kama ute wa bamia.

Mwalimu Lihamba alikipapasa kwa vidole muda mrefu. "Chenga inagombana na saruji," alisema. "Ugomvi wao unazaa huu ute. Ute unakunywa maji, unanenepa, na ukinenepa unataka nafasi. Poda ni ndogo mno kugombana. Inamezwa na saruji, wanakuwa kitu kimoja."

"Na kwenye ukuta, mwalimu? Ute utapata wapi maji?"

Nje kulikuwa na mawingu ya kwanza ya masika. Akainuka, akafunga mlango, lakini safari hii hakujibu kitu.

*

Nilifikiri, nami nilikuwa na sababu ya kufikiri hivyo, kwamba wakubwa hawajui tu. Mtu asiyejua huambiwa. Nikafunga kile kipande ndani ya kanga, nikachukua na kalibu, nikaenda Wizarani.

Mheshimiwa Shegwando alinipokea vizuri. Alijaribu mwenyewe kukitia kipande kwenye kalibu, kwanza kwa kidole, kisha kwa kiganja.

"Mwanzoni kiliingia?"

"Kiliingia, baba."

"Na sasa hakiingii."

"Hakiingii. Kimevimba. Na kuta za shule ni hizohizo, baba, na mvua ndiyo hiyo inakuja, na watoto..."

"Mama." Akainua kidole. "Usiseme kimevimba. Sema kimekua."

"Kimekua?"

"Kimekua! Miaka kumi tunawahimiza wananchi wakue, wao wanabaki walivyo. Leo ukuta, ukuta usio na shule wala kadi ya chama, umekua wenyewe. Karani, andika."

Karani Mwinchande aliandika. Kwa mara ya kwanza nikasikia kalamu yake ikisita. "Mheshimiwa, niandike na kuhusu nyufa?"

"Andika mistari ya ukuaji."

Nilipoaga, Mheshimiwa alinishika bega. Alisema mzalendo kama mimi haendi hivihivi. Siku ya ufunguzi Tunu atakaa mbele kabisa, pembeni ya mlango, akiwa ameshika maua ya kumpa Mtukufu Rais.

Nilikwenda kumwondoa mwanangu kwenye ule ukuta, nikawa nimemkalisha chini yake.

*

Sikulia. Nilikwenda moja kwa moja kwa Fundi Salmini. Kuta tatu zilikuwa zimeshasimama, wa mbele na mbili za ubavuni. Ulibaki wa nyuma, ule uliopakana na banda la jiko.

"Fundi, ukuta huu ujenge kwa poda."

"Mama Tunu! Unataka nizikwe kwa kibali?"

"Waraka unasema kuta zitakazoonwa na wageni ndizo zing'ae. Niambie, fundi, ni mheshimiwa gani unayemjua aliyewahi kuingia jikoni?"

Salmini akacheka mpaka mwiko ukamdondoka. Kisha akaacha kucheka, akatazama zile kuta tatu. Mvua ilikuwa imepiga siku mbili. Kutoka ndani ya ukuta wa mbele tulisikia sauti ndogo, kavu: *ta*. Kama mtu anayevunja kijiti.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Nimeanza kuisikia juzi." Akaokota mwiko. "Leteni hiyo taka yenu."

Tukaileta, akina mama wa ufagio, kwa madebe kichwani, mchicha juu. Askari wa zamu alituuliza mchicha wote huo wa nini, Bi Sikudhani akamjibu, "Wa watoto wa Taifa, baba. Au wale chenga?" Katika ukuta ule Salmini akaacha dirisha la kupitishia uji, akaliacha pana mno. Msimamizi alilipima kwa macho.

"Dirisha gani hili, kama mlango?"

"Watoto wa siku hizi wanakunywa sana uji, bwana," akasema Salmini.

*

Mvua zikakaza. Nchi nzima, ambako kila mtaa ulikuwa umeshaamriwa kujengea chenga, kuta zikaanza kukua. Milango ikawa haifungi, halafu ikawa haifunguki. Watu wakawa wanaingia kwao kwa madirishani, na Redio ya Taifa ikatangaza kwamba wizi umepungua. Idara ya Takwimu ikazunguka na kamba, ikapima, ikatoa taarifa kuwa nchi imekua kwa asilimia mbili, na mitaa yenye unyevu mwingi ikapewa vikombe. Kila mahali ukikaa kimya ulisikia ile sauti: *ta*. Nyuma ya kitanda, *ta*. Juu ya meza ya chakula, *ta*. Redio ikasema tusiogope, ni mifupa ya Taifa inarefuka.

Siku ya ufunguzi kulikuwa na manyunyu. Watoto sitini na wawili waliingizwa asubuhi, mlango ukasukumwa na askari sita mpaka ukajifunga, ili Mtukufu aufungue rasmi. Sisi wazazi tulisimama nyuma ya kamba. Tunu nilimvalisha viatu vyake ingawa vilishambana, sikuwa na vingine. Aliniaga kwa kupunga yale maua.

Mtukufu akafika. Akahutubia mambo kumi na manne. Alipomaliza akashika kitasa, akavuta.

Mlango haukufunguka.

Akavuta tena. Mheshimiwa Shegwando akakisogelea kipaza sauti. "Ndugu wananchi, mnajionea uimara wa mlango!" Makofi. Mtukufu akavuta kwa mikono miwili. Mawaziri wawili wakamshika kiuno wakavuta. Bendi ikapiga. Askari mmoja akasema taratibu kwamba ana shoka kwenye gari, akaulizwa ana barua. Itifaki ilikuwa wazi kabisa: kabla ya Mtukufu, mlango ule haufunguliwi na mtu yeyote.

*Ta*, ukasema ukuta. *Ta. Ta.*

Ndani watoto walikuwa wanaimba wimbo wa kung'aa. Ubeti wa kwanza waliimba wote. Ubeti wa pili sauti zikapungua. Kisha nikaisikia ya Tunu peke yake, maana mama huijua ya kwake hata katikati ya bendi.

"Mamaa! Ukuta unalia!"

Nikashika ile kamba. Askari akanitazama mkono. Hapo ndipo Bi Sikudhani, mwenye cheti cha serikali, alipopaza sauti ya sokoni, ile ya miaka ishirini ya maandazi:

"Jamani! Uji wa watoto unapoa!"

Mheshimiwa Shegwando akatazama ratiba. Uji ulikuwamo, namba tisa, na namba tisa ilishachelewa. "Wapikaji wapitie nyuma," akasema bila kugeuka. Wanawake wote tukawa wapikaji.

Dirisha la uji lilifunguka kwa kidole kimoja. Ukuta wa Salmini ulikuwa umesimama vilevile alivyouacha, hauna ufa, hauna ute, wa kijivu na mzito kama mtu asiyependa maneno. Ndani mlikuwa na vumbi linalometameta. "Njooni kwenye uji, wanangu, mmojammoja!" Wembamba walipita wenyewe. Wanene tuliwavuta. Tuliwapokezana kama bakuli kwenye shughuli, mkono kwa mkono mpaka uwanjani, na Bi Sikudhani anahesabu kwa sauti ili tusikie wote. Hamsini na nane. Hamsini na tisa. Huko mbele bendi imerudia wimbo wa kwanza. Sitini. Sitini na mmoja.

Tunu alikuwa wa mwisho kwa sababu alipewa heshima ya kuwa wa kwanza. Alikuwa bado ameketi pale mlangoni, maua mkononi, anatii.

"Tunu, njoo!"

"Nimeambiwa nisubiri babu Mtukufu!"

"Babu amesema njoo!" Mungu anisamehe, ndiyo mara ya kwanza kumdanganya mwanangu kwa jina la serikali. Akaja. Kiatu kikamvuka njiani, akageuka kukiokota. "Kiache!" Nikamshika kwapani, nikamvuta, tukaanguka wote juu ya kuni.

"Sitini na wawili," akasema Bi Sikudhani, akakaa chini.

Mbele, Mtukufu alivuta kwa mara ya kumi na moja. Zile kuta tatu zikakaa, hazikuanguka kwa kishindo, zilikaa tu, taratibu, kama wazee waliochoka kusikiliza hotuba. Paa likalala juu ya viti sitini na viwili. Vumbi lilipotulia, Mtukufu alikuwa amesimama ameshika kitasa, na kitasa hakina mlango.

Kisha Mheshimiwa Shegwando akasema kwenye kipaza sauti, "Mtukufu ameifungua shule!"

Wakapiga makofi.

*

Redio ilisema ukuaji umevuka matarajio ya jengo. Tume ikaundwa. Haikuundwa kuuliza kwa nini kuta tatu zimekaa, kwa maana zile zilikufa zikitimiza wajibu wao. Iliundwa kuuliza kwa nini wa nne umesimama. Kwenye makaratasi wakauita Ukuta Uliokataa Kukua, na kosa lenyewe wakalipa jina: kudumaza mali ya Taifa. Bi Sikudhani amepelekwa kozi ya pili, na safari hii hawakutaja idadi ya siku. Fundi Salmini amekwenda kumsalimia shangazi yake. Mkewe hajawahi kusikia kwamba Salmini ana shangazi.

Jana, kabla ya magharibi, nilikuwa uani natayarisha uji, na Tunu ananisaidia kwa chekeche langu, lile la mama yangu, lenye ukingo wa mbao. Hodi ikapigwa. Alikuwa Karani Mwinchande, na fomu kwapani.

"Mama Tunu," alisema, kichwa chini. "Hapa kuna swali moja na mstari mmoja. Nani aliukataza ukuta kukua?"

Mwiko ulinikwama kwenye sufuria. Nilitazama miguu ya mwanangu, imevaa ndala zangu, na nikawaza ni nani atakayemnunulia viatu nikienda kwa shangazi.

"Mjomba, usikanyage unga," akasema Tunu.

"Samahani. Unafanya nini?"

"Nachekecha. Hujui?"

Karani alifikiri. Mtu wa kumbukumbu hasemi uongo. "Sijui," akasema.

"Kaa basi!"

Akakaa, pale chini, na suruali yake ya kazi. Tunu akampa chekeche, akamwonyesha namna ya kuligonga kwa kiganja. Unga ukashuka mweupe kwenye ungo. Pumba zikabaki juu. Karani akanyoosha mkono kuzichukua zile pumba, kwa adabu kabisa, kama alivyowaona wajumbe kumi na tisa wakifanya, na Tunu akampiga kofi mkononi.

"Si hicho! Hicho cha kuku!"

Ndipo Karani Mwinchande alipoinua kichwa. Sikuwa nimewahi kuyaona macho yake. Yalikuwa ya kawaida tu, ya mtu aliyechoka. Alitazama ungo, akatazama chekeche, akanitazama mimi kwa muda mrefu, unga umemjaa mpaka kwenye kope.

"Kumi na tisa," alisema polepole. "Na mimi wa ishirini."

Akakunja fomu bila kuandika kitu, ama labda ili akaandikie kwingine. Akasimama. "Mama Tunu, hili chekeche naliazima. Kamati inakaa Jumatatu."

"Litarudi?"

"Litarudi," akasema, kwa sauti ileile ambayo kwayo zamani tuliahidiwa kurudishiwa jina la nchi.

Kwa hiyo sasa unga nauchuja kwa kitambaa. Huenda Jumatatu chekeche langu litakuwa mezani, juu ya mahameli, na mtu mmoja mwenye unga kwenye kope atawaambia wazee kumi na tisa neno alilofundishwa na mtoto. Huenda liko kabatini, lina namba ya kielelezo, na kando yake pana faili lenye jina langu. Tunu nimempima leo asubuhi mlangoni, amepanda kidole kizima. Tumeweka alama kwa mkaa. Kila hodi ikipigwa moyo unanidondoka, naye anakimbia mbele yangu akipiga kelele za furaha, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia: usilie, mwanangu, hodi ikipigwa ni chekeche letu hilo, limerudi.